Mawe Yaliyokunywa Povu

Gunia la kwanza lilitoweka Jumatatu, na ni mimi niliyeandika kwenye daftari la kamati kwamba halipo. Kufikia Ijumaa yalikuwa yametoweka saba kati ya kumi na moja. Sikushtuka vya kutosha. Niliandika "saba hayapo", nikaweka tarehe, nikafunga daftari na kwenda kusahihisha vitabu vya wanafunzi. Hasira niliyo nayo inaanzia hapo, kwa hiyo nisijifanye kwamba inawahusu wengine peke yao.

Magunia hayo yalikuwa na mawe. Mawe madogo ya rangi ya majivu, ukubwa wa punje za mahindi yaliyovunjwavunjwa, nayo yalikuwa yametolewa ndani ya chujio la kisima chetu. Kisima kiko nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande wa barabara ya kwenda Garbatulla. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa mfanyakazi wa serikali aliyeshuka kutoka Meru akasahau kurudi, na wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Katibu huku ni yule anayeweza kuandika haraka bila kulalamika.

Nieleze kwanza chujio lilikujaje, maana bila povu hakuna mawe.

Kulikuwa na kampuni ya ujenzi iliyokuwa na yadi ya mafuta juu kidogo ya kisima. Kila mwisho wa mwezi walinzi wake walifanya mazoezi ya kuzima moto. Walirundika matairi shimoni, wakayamwagia dizeli, wakayawasha, kisha wakayapiga povu mpaka shimo lote likawa jeupe. Povu lilifurika, likateremka kwenye laga, mto wa msimu uliokuwa umekauka, likatulia mchangani. Mbuzi walipita ndani yake wakatoka upande wa pili kama wamevaa soksi. Tulicheka. Hakuna aliyeuliza lile povu ni la nini, limetengenezwa na nini, wala linaishia wapi. Kazi ilipokwisha, kampuni iling'oa ua wake, ikapakia hata misumari, ikaondoka. Povu likakauka, nasi tukadhani limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Lilikuwa limeshuka. Watafiti walipita wakijaza chupa kwenye visima, na waliporudi walitwambia kwamba maji yetu yana kemikali za florini zinazotoka kwenye aina ile ya povu. Florini watu wa huku tunaijua; ndiyo hupaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Wakasema hii siyo hiyo. Hii imetengenezwa na binadamu, ikafungwa kwa namna ambayo hakuna kinachoweza kuifungua: jua haliichomi, udongo hauiozeshi, na ukiyachemsha maji yanapungua yenyewe, kemikali inabaki pale pale kwenye sufuria. Ikiingia mwilini inakaa miaka. Baadhi ya magonjwa waliyoyataja sitayarudia hapa, kwa kuwa watu wangu walishayasikia mara moja na iliwatosha.

Basi ukaja mradi. Sitaunyima haki yake: ulikuja na kitu kilichofanya kazi. Waliweka matangi mawili ya chuma yaliyojazwa yale mawe, maji yakapita kwanza humo kabla ya kufika bombani. Siku ya mafunzo, fundi wa mradi, kijana mpole aliyekuwa akivua kofia kila alipozungumza na mwanamke mzee, alimwaga kiganja cha punje juu ya meza.

"Hili jiwe ni kama sega la nyuki," alisema. "Ndani kuna vyumba vidogo vidogo, hata darubini ya kawaida haivioni. Maji yanapita, ile kemikali inaingia chumbani, inakwama."

Aliyemjibu alikuwa mama mmoja wa Kiborana, mfugaji wa ngamia, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakichemka kwenye chai ya nyumbani kwangu kila asubuhi. Sisi wote, wa Kiborana na wasio wa Kiborana, tulimwita akko, yaani nyanya.

"Kwa hivyo jiwe inakunywa sumu," alisema.

"Ndiyo, akko. Inakunywa."

"Na ikishiba?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, lakini akajibu vizuri: mawe yakijaa, wao watakuja, watayatoa, wataweka mengine, na yale yaliyojaa yatapelekwa mbali kwenye tanuru la moto mkali, kwa sababu moto wa kuni hauwezi kuiua kemikali hiyo; utaifukuza tu iingie hewani. Aliyasema haya mbele ya watu wote. Niliyaandika.

Siku ya makabidhiano ilikuwa na hema, viti vya plastiki, soda na mgeni rasmi aliyekata utepe. Waliniletea hati ya kurasa sita kwa Kiingereza niitie sahihi pamoja na mwenyekiti. Niliombwa niisome kwa muhtasari kwa Kiswahili. Jua lilikuwa kali na mgeni rasmi alikuwa ameshaangalia saa mara mbili. Nilisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga.

Chujio likafanya kazi. Watafiti walipopima tena, maji yalikuwa safi kuliko walivyotarajia. Mwaka na zaidi tulikunywa bila hofu. Kisha mawe yakajaa, na kweli walikuja, kama walivyoahidi, wakayatoa, wakaweka mapya. Yale ya zamani wakayatia kwenye magunia kumi na moja meupe, wakayaegemeza nyuma ya tangi.

"Lori linakuja wiki ijayo," alisema msimamizi wao. Hakuwa fundi yule. Fundi alikuwa amepata kazi kwingine.

Lori halikuja. Nilipiga simu. Nikapiga tena. Mwezi wa pili wa kungoja, nambari ya mradi ikawa haipatikani, na nikasikia kwa watu kwamba mradi umefungwa. Magunia yakakaa juani mpaka yakaanza kupasuka kwenye mishono.

Hapa ndipo nataka msomaji wa mbali aelewe jambo moja, maana wapo waliolitumia kutucheka. Mfugaji wa huku hununua chumvi ya mifugo kwa ulimi wake. Hasomi lebo. Huchukua punje, huiweka kwenye ncha ya ulimi, hufumba jicho moja, hutema, na kwa hapo hujua hiyo ni ya ngamia, ya mbuzi, au ya kurudisha kwa mwenye duka. Ngamia asiyepata chumvi hukosa hamu ya malisho, na maziwa yake hupungua. Wakati wa ukame watu husafiri siku kadhaa kwa ajili ya udongo wa magadi. Huo ni ujuzi wa vizazi, na mara nyingi sana umekuwa sahihi kuliko lebo.

Sasa, yale mawe tulifundishwa kuyasuuza kwa maji ya chumvi kila mwezi, ili uchafu mwingine usizibe vile vyumba vyake. Tulifuata mafunzo. Mwaka mzima na zaidi wa chumvi. Mbuzi ndio waliogundua kwanza, wakawa wanalamba mishono ya magunia. Mchungaji mmoja akaona mbuzi, akaweka punje ulimini, akafumba jicho moja. Dukani mjini huuzwa madini ya mifugo ya rangi ile ile, kwenye gunia jeupe lile lile. Ungefikiri nini?

Wiki tatu baadaye, hatimaye nilipomuuliza mtu wa kuwasha pampu magunia yamekwenda wapi, alinishangaa.

"Si wizi, mwalimu. Waliomba. Nikawaambia chukueni, si ni takataka ya mradi? Tena walishukuru sana."

"Ni nani waliochukua?"

Akaanza kunihesabia kwa vidole. Kidole cha kwanza kilikuwa akko.

Nilikwenda siku hiyo hiyo kwa bodaboda. Nilimkuta nje ya boma anafukiza mitungi ya maziwa kwa kijinga cha mti, moshi ukimtoka katikati ya mikono. Nyuma yake ngamia wake wanne wa maziwa walikuwa wameinamia tairi la lori lililokatwa katikati, likawa kama hori. Wanalamba. Ndama mmoja alikuwa amejipenyeza kati ya miguu ya mama yake.

"Salaam aleikum, akko."

"Aleikum salaam. Mwalimu amekuja na mguu wa kukimbia. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Hiyo iliyo ndani ya tairi ni nini?"

"Magadi ya kisima." Alifurahi kuulizwa. "Ni nzuri. Hata maziwa imeongezeka. Uliona chai yako ilivyokuwa nzito?"

Nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeisifu.

Nilimwambia. Nilijaribu kuanza mbali akanikata, akaniambia nisimzungushe kama mchumba. Basi nikasema moja kwa moja: yale ndiyo mawe ya tangini, yale yaliyokunywa povu, na kila ngamia anapolamba anayapokonya sumu hiyo. Akko akaweka mtungi chini taratibu, akaenda kwenye lile tairi, akalishika kwa mikono miwili na kulipindua. Ngamia mmoja alimgunia. Akamwambia kwa Kiborana neno ambalo sikulielewa, akampiga kofi la shavu, la upole.

"Waliacha hii nyuma ya tangi," alisema. "Bila mtu. Bila ua. Bila hata kuandika kwa rangi mfupa wa kichwa cha mtu, ile hata mtoto anajua."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua iko hapo."

"Nilijua."

"Na ulikuwa unapita."

"Nilikuwa napita."

Akaokota mtungi wake akaingia ndani.

Usiku sikungoja. Nilimpata yule fundi kwa simu kupitia mwalimu mwenzangu aliyesoma naye. Nilimsimulia yote. Kisha akasema kwamba hakuna mtu aliyewahi kupima ngamia kwa jambo kama hilo, kwa kadiri anavyojua. Kwa ng'ombe inajulikana: kemikali hukaa kwenye damu na ini, na njia yake mojawapo ya kutoka ni maziwa.

"Kwa hiyo akiendelea kukamua, ngamia watasafika?" niliuliza.

"Polepole, ndiyo. Lakini hayo maziwa yasinywewe. Na ndama asinyonye."

"Yamwagwe?"

"Si mchangani, mwalimu. Itarudi kule kule kwenye maji."

Asubuhi nilianza kuzunguka maofisini. Nikaenda na daftari, na safari hii nilikuwa nimesoma kurasa zote sita za ile hati.

Ofisi ya kwanza ilisema mambo ya mradi ni ya mradi. Ofisi ya pili iliuliza kama nina barua, nami nikatoa barua, ikauliza kama ina muhuri. Ya tatu ilikuwa ya shirika lililofadhili mradi, kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Wabera, yenye geti la kijani na mlinzi mwenye adabu. Ofisa alinikaribisha kiti. Alikuwa na hati yetu kwenye kompyuta kabla sijamaliza kujitambulisha, jambo lililonionyesha kwamba nambari ya simu ndiyo iliyofungwa, siyo kumbukumbu.

"Soma kifungu cha tisa," aliniambia.

Nilikuwa nimeshakisoma usiku. Kilisema kwamba baada ya makabidhiano mtambo wote na vyote vitokanavyo na mtambo ni mali ya jamii na viko chini ya uangalizi wa jamii. Vyote vitokanavyo. Povu la watu wengine lilikuwa limeokotwa kutoka kwenye maji yetu kwa ustadi mkubwa, likafungwa kwenye magunia, kisha likaandikwa kwa jina letu. Na tulipiga makofi.

"Fundi wenu alisema mbele ya watu kwamba mtayachukua," nilisema. "Nimeandika hapa."

"Fundi hakuwa na mamlaka ya kusema hivyo."

"Msimamizi alisema lori linakuja."

"Mwalimu, naelewa uchungu wako. Lakini pia tuseme ukweli." Akaegemea nyuma. "Mtu anachukuaje kitu cha takataka na kulisha mifugo? Hawa watu wetu wanahitaji elimu."

Mimi ni mwalimu, na neno elimu nimelisikia likitumiwa kwa kazi nyingi, lakini sikuwahi kulisikia likitumiwa kama ufagio. Nilimuuliza yeye, mwenye elimu, aliyajuaje mawe yale kuwa sumu. Kwa kuyatazama? Alijua kwa kuwa aliambiwa. Kuna karatasi ilimwambia. Nani alimwambia akko? Nilimwambia pia kwamba kama angekuwa na njaa ya chumvi na akaonja punje ile, naye angesema ni chumvi, kwa sababu ilikuwa chumvi. Alisema atawasiliana na Nairobi. Nilitoka, na mlinzi akanifungulia geti kwa upole kana kwamba nimetoka hospitali.

Kukusanya mawe kulichukua siku tatu. Wanawake wa boma la akko walizunguka nyumba zote alizonihesabia mtu wa pampu, na hakuna hata moja iliyokataa, ijapokuwa wawili walinuna. Tuliyafagia hata kwenye vumbi. Pamoja na manne yaliyokuwa yamebaki nyuma ya tangi, yakawa magunia tisa na nusu. Lile moja na nusu lilikuwa tayari ndani ya wanyama.

Yalibaki maziwa.

Kwa Waborana maziwa hayamwagwi. Mtoto anayemwaga maziwa kwa kucheza huchapwa hata na jirani. Nimewahi kumwona akko akilowesha kidole kwenye tone lililoanguka juu ya jiwe na kulipaka kwenye paji la uso wake ili lisipotee bure. Nilipomweleza maneno ya fundi, kwamba lazima akamue, na asinywe, na asiwape wajukuu, na asiuze, na asimwage, alinitazama kama mtu anayesubiri sehemu iliyobaki.

"Maliza," alisema.

"Ni hivyo tu, akko."

"Hiyo si kitu ya kufanya. Hiyo ni kitendawili."

"Unaweza kuacha kukamua."

"Na ikae ndani ya ngamia? Hapana." Akafikiri. "Mjukuu wangu ako na miaka mbili. Wiki tatu anakunywa hii. Nani atakamua mtoto?"

Niliandika swali hilo kwenye daftari.

Aliwanywesha ndama maziwa ya kuomba kwa dada yake, ambaye boma lake liko mbali na hakuchukua mawe. Wajukuu wakanywa chai kavu, isiyo na maziwa. Wateja wake wa mjini aliwaambia ukweli mmoja mmoja, kwenye kituo cha maziwa, mbele ya wauzaji wenzake, na kuna waliomwambia ni mjinga kuyasema. Mmoja alimtania: "Akko, ungenyamaza tu! Watu wanakunywa mambo mabaya zaidi mjini hapa na wananenepa." Akamjibu, "Basi kunywa wewe unenepe, nikuuze wewe." Wakacheka wote, yeye hakucheka.

Asubuhi iliyofuata alikamua ngamia wanne, akajaza mitungi miwili ya manjano, akapanda bodaboda akashuka Wabera mbele ya geti la kijani. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni nikamfuata. Ofisa alitoka nje.

"Mama, hapa hatununui maziwa."

"Siuzi. Nimeleta kitu yenu."

"Hii si yetu."

"Sumu ni ya nani?"

"Mama..."

"Niambie tu mahali ya kumwaga. Uonyeshe na kidole yako. Hapa kwa maua? Hapa kwa choo? Choo inaenda wapi?" Mwendesha bodaboda alikuwa amezima pikipiki asikose neno. "Mimi nimezaliwa nikiambiwa maziwa haimwagwi. Wewe umesoma. Nionyeshe."

Ofisa alinitazama mimi, kana kwamba nitamsaidia. Sikumsaidia. Mwishowe alisema mitungi iwekwe stoo, kwa muda, mpaka Nairobi ijibu. Akko akaomba mitungi mitupu ya kubadilishia, akapewa, akaenda zake. Kesho yake akarudi na mingine miwili. Kesho kutwa pia. Maziwa ya ngamia hayaharibiki upesi, lakini stoo ya mabati ya Isiolo si mahali pa kuyapima subira. Wiki ya pili harufu ilikuwa imepita chini ya mlango. Wiki ya tatu makarani wawili walihamishia meza zao barazani, na wauzaji wa miraa waliokuwa wakiketi kwenye ukuta wa ofisi wakasogea mpaka upande wa pili wa barabara, huku wakiuliza kila anayetoka humo kama ndiye aliyeoza.

Nairobi ikajibu. Lori lilikuja kisimani asubuhi moja bila taarifa, na watu wenye glavu na barakoa. Wanaume wenye barakoa wakabeba kwa uangalifu yale magunia ambayo wanawake waliyafagia kwa mikono mitupu. Niliwaambia hivyo. Mmoja wao aliinamisha kichwa. Kisha lori likaenda Wabera kupitia ofisini kuchukua sahihi, nasi tukalifuata, na akko akamwonyesha dereva stoo.

"Hii haiko kwenye fomu," dereva alisema. "Fomu inasema madini."

"Na ngamia iko kwa fomu?"

"Hapana, mama."

"Lakini ilikula."

Dereva alikuwa mtu wa makamo, mwenye macho mekundu ya safari. Alimtazama ofisa. Ofisa alitazama stoo, akatazama watu waliokuwa wamejazana getini, akachukua kalamu, na chini ya mstari wa mwisho uliochapwa akaandika kwa mkono: maziwa, mitungi arobaini na miwili. Wakapakia. Mitungi ilikuwa imevimba kwa hewa, na mmoja ukatema kidogo juu ya glavu ya mbebaji, naye akaurudisha nyuma mkono haraka. Wote tuliona.

Nilichukua sampuli nne, moja kwa kila ngamia, kwenye chupa alizozituma yule fundi, naye anatafuta maabara itakayokubali kuzipima. Wa kumpima mjukuu hatujampata. Nimeandika barua, na safari hii zina muhuri.

Lori lilipowashwa, akko alimwuliza ofisa litarudi siku gani, maana ngamia watakamuliwa kesho. Akasema hajui, atawasiliana na Nairobi.

"Sawa," alisema akko, na akanyoosha mkono apewe mitungi mitupu.